Mashuka Juu ya Jiwe

Jumamosi, jiwe la nyuma likishashika joto,
ndipo tunaanika. Hapa Mabatini
nani ana nafasi ya kamba? Jiwe ndiyo kamba, jiwe ndiyo pasi.
Mimi na mashuka ya mama, Holo na ya baba yake.
Nyanjura hana wa kumfulia, kaja na michembe
kwenye kibakuli, na mdomo wake.

"Zamani shuka moja kwa wiki," nasema, "sasa kila kukicha."
Holo anashika ncha ya pili, tunasokota,
yeye kulia, mimi kushoto, maji yanachuruzika
katika ufa wa jiwe hadi uani kwa Mzee Lubango
ambaye leo, Mungu ashukuriwe, kaenda msibani Magu.

Tunazungumza ya kuzungumzwa.
Maji ya bomba yalitoka saa nane usiku, aliyelala imekula kwake.
Debe la dagaa limepanda tena pale Mwaloni.
Goti la Holo. Jino la Nyanjura.
Bima ya mama: kadi haisomi, dirisha namba nne
wanakutuma namba saba,
namba saba wameenda chai.

Halafu Holo, bila kututazama:
"Baba anavaa viatu saa kumi na moja alfajiri.
Anataka kuwahi meli ya Nansio. Nimechoka kubishana.
Siku hizi namfunga kamba za viatu, nampa fimbo yake,
tunapanda hadi pale ziwa linapoonekana.
Anatazama weee. Anasema, 'Imeshatuacha.'
Tunarudi, anakunywa chai vizuri sana."

Tunacheka, si kwa ubaya.
Nyanjura hacheki. Anatafuna kwa upande wa jino zima.
"Shuka la mama lipo kabatini," anasema.
"Mwaka wa pili huu. Limekunjwa vilevile.
Halijachafuka hata siku moja."

Mvuke unapanda kutoka kwenye jiwe.
Hakuna anayesema pole, pole tulizimaliza mwaka ule.
Holo anamsogezea ndoo kwa mguu:
"Basi kamua hili, una mikono."
Naye anakamua, tena kwa nguvu,
kama shuka lina deni lake.

Ndipo nawaambia ya Jumanne.
Nilimshusha mama mlimani, hatua kwa hatua,
pengine nikimbeba, hadi kliniki.
Muuguzi, binti mdogo mwenye mwanya, akampima.
"Bibi, uko sawa kabisa."
Kisha akanitazama ninavyohema. "Na wewe leta mkono."
Akapima. Akahamia mkono wa pili, akapima.
Akauliza, "Hivi kati yenu nani kamleta mwenzake?"

Wanacheka hadi Nyanjura anashika shavu.
"Mia na themanini," nasema, "kwa mia na kumi na tano."

Kicheko kinakatika.
"Mbuke. Tangu lini?"
"Tangu Jumanne. Kabla ya hapo
sikuwa na muda wa kuumwa."

Pazia la dirisha linasogea.
Mama, ambaye wiki hii ananiita kwa jina la dada yake,
ambaye asubuhi aliuliza mara nne kama tumeshakula
na mara zote nne alikuwa na tonge mkononi,
anagonga nondo kwa kijiko:

"Ng'wasi! Umemeza?"

"Nimemeza, mama."

"Muongo. Njoo nione ulimi."

Nawaachia wenzangu shuka, linaning'inia katikati yao.
Naenda. Nasimama chini ya dirisha, mapovu hadi viwikoni,
mtu mzima, bibi wa wajukuu wawili,
natoa ulimi.

Nyuma yangu Holo anasema,
"Panua vizuri, aone hadi kooni."